Kulijaribu Sogi Kabla ya Kulishona: Mwongozo kwa Wanafunzi wa Ubunifu

Niliwahi kuwasimamia wanafunzi wanne waliokuwa wakibuni sogi jipya la punda, yaani mfuko wa mizigo unaoning'inia pande mbili za mgongo wake, la kuchukulia mchanga kutoka majahazi yanaposhusha mjini Lamu hadi viwanja vya ujenzi mitaani, na mengi ya haya niliyafahamu kutokana na makosa tuliyoyafanya pamoja.

Hatua ya 1. Andikeni swali moja, pamoja na jibu litakalowafanya mliache wazo lenu. Swali letu lilikuwa: je, mtu mmoja anaweza kuumwaga mchanga bila kulishusha sogi mgongoni mwa punda? "Je, sogi letu ni zuri?" si swali la majaribio.

Hatua ya 2. Tengenezeni mfano wa bei rahisi unaotosha kulijibu swali hilo tu. Magunia mawili, kamba na kijiti cha kufungia mdomo wa chini vilitutosha. Mngeshona turubai mapema, mngeionea kazi yenu huruma.

Hatua ya 3. Chagueni watu. Mwaka 2000 Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa kutumia tovuti, alieleza kuwa watumiaji watano hufichua takriban asilimia 85 ya kasoro, lakini alikuwa akizungumzia tovuti na watumiaji wa aina moja. Penye makundi mawili, alishauri watu watatu au wanne kwa kila kundi. Sogi lina wapakiaji na waendesha punda, na shida zao hazifanani.

Hatua ya 4. Wafuateni kazini. Karakanani tulipima upana wa sogi likiwa tupu. Lilipojazwa mchanga lilituna na kukwaruza kuta za kichochoro. Mwambieni mwendeshaji, "Ami, fanya kama kawaida yako," kisha nyamazeni, hata akishika kamba isiyo yake, kwa sababu mkimwelekeza mtakuwa mmejijaribu wenyewe. Msimwulize kama amelipenda: kwa adabu za kwetu atawasifia, kisha kesho atarudia sogi lake la zamani. Andikeni alipositasita, aliporudia na alipomwita mwenzake amsaidie. Punda naye mchunguzeni. Mkilivua sogi, tazameni kama manyoya yamelala vibaya au ngozi imechubuka, na ikiwa hivyo komesheni jaribio hapo hapo.

Hatua ya 5. Rekebisheni jambo moja, mjaribu tena. Sisi tulibadilisha mdomo na mkanda wa tumbo kwa pamoja. Msuguano kwenye ngozi ya punda ukaisha, tusijue ni kipi kilichouondoa, ikabidi tuurudishe mkanda wa zamani na kuanza upya.