Deni la masomo au la kadi: uanze kulipa lipi?

Dawa ya deni ni kulipa, lakini msemo huo haukwambii uanze na lipi ukiwa nayo mawili. Kazi yangu ni kukaa na wadaiwa na kupanga nao marejesho. Swali hili huniletea zaidi waliomaliza chuo, wakapata kazi, na muda si mrefu wakapata na kadi ya mkopo. Wengi huja wameshaamua: wataanza na mkopo wa masomo, kwa sababu ndio mkubwa na ndio unaowakosesha usingizi. Mara nyingi uamuzi huo huwagharimu. Deni la kuogopa ni lile linalokua haraka, hata kama ni dogo.

Hatua ya 1: Yaandike yote kwenye karatasi moja

Chukua taarifa ya mwisho ya kila deni, uandike mambo manne: salio, riba, kiwango cha chini cha kulipa kwa mwezi, na tarehe ya mwisho ya kulipa. Usikisie. Nasema karatasi makusudi, maana programu ya simu watu huifungua wiki mbili wakaisahau.

Kuwa mwangalifu na riba. Kadi inaweza kuandikwa asilimia 2, mkopo wa masomo asilimia 5, ukadhani kadi ndiyo nafuu. Soma tena: ya kadi ni kwa mwezi, ya masomo ni kwa mwaka. Asilimia 2 kwa mwezi ni 24 kwa mwaka, na kwa kuwa riba huzaa riba, deni lisilolipwa chochote mwaka mzima hukua kwa karibu asilimia 26.8, kabla hata ya adhabu za kuchelewa.

Hatua ya 2: Geuza asilimia kuwa pesa

Asilimia haziumi, pesa zinauma. Tuseme unadaiwa 400,000 za masomo kwa riba ya asilimia 5, na 100,000 za kadi kwa asilimia 24. Mkopo wa masomo unakula kama 20,000 kwa mwaka. Kadi inakula 24,000. Deni lililo robo ya mwenzake linakutoza zaidi! Nimeona watu wakiishika hiyo karatasi kimya kwa dakika nzima.

Hatua ya 3: Kiwango cha chini kwa yote mawili, bila kukosa

Kuipa kadi kipaumbele si kuutelekeza mkopo wa masomo. Ukiacha kuulipa kuna adhabu, historia yako ya mikopo inachafuka, na kama kuna mdhamini atatafutwa yeye. Pale ambapo mkopeshaji ni chombo cha serikali, mara nyingi kina nguvu ya kufika mpaka kwenye mshahara wako. Kama rejesho tayari linakatwa kazini kabla mshahara haujakufikia, hapo umeshamaliza, usiliguse. La kadi iagize benki ilikate yenyewe siku moja au mbili baada ya mshahara kuingia.

Hatua ya 4: Weka akiba kidogo

Si kubwa. Inayotosha ugonjwa wa ghafla au simu kuharibika, basi. Fimbo ya mbali haiui nyoka: ukimimina kila kitu kwenye deni, dharura ya kwanza itakurudisha kwenye kadi ileile.

Hatua ya 5: Kinachobaki chote kiende kwenye kadi

Rudi kwenye ile 100,000. Ukilipa 3,000 kila mwezi, utalipa kwa miezi 56, na riba peke yake itazidi 66,000. Ukiongeza 7,000 ikawa 10,000 kwa mwezi, unamaliza ndani ya mwaka, na riba ni takriban 12,700. Kila 7,000 unayoipeleka kwenye kadi inakuokolea 1,680 za riba kwa mwaka, ilhali kwenye mkopo wa masomo ingekuokolea 350. Mimi mwenyewe niliwahi kupata malipo ya ziada kazini nikayatupa yote kwenye mkopo wa masomo, huku kadi ikiwaka. Nilijisifu wiki nzima, hadi nilipokaa nikapiga hesabu.

Mambo mawili hapa watu huyasahau. La kwanza, kadi ipumzike. Kadi nyingi hukupa siku kadhaa bila riba iwapo tu ulilipa salio lote la mwezi uliopita. Ukibeba deni, nafuu hiyo huondoka, na ulichonunua leo huanza kutozwa riba leo. Kutoa fedha taslimu kwa kadi ni kubaya zaidi, kwani kwa kawaida kuna ada na riba huanza papo hapo. La pili, usisubiri tarehe ya mwisho. Kadi nyingi hupiga riba kwa salio la kila siku, hivyo pesa iliyoingia tarehe 5 inafanya kazi kuliko iliyoingia tarehe 25.

Wenye kadi tatu zenye riba zinazokaribiana huniuliza waanze na ipi. Anza na yenye salio dogo, uifute. Kihesabu utapoteza kidogo, lakini utapata moyo.

Hatua ya 6: Angalia kama wewe si wa kawaida

Mpango huu unageuka ikiwa mkopo wa masomo umeshachelewa na adhabu zake zinapita riba ya kadi. Unageuka pia kama ulisomea mkopo wa binafsi wenye riba kubwa, au kadi yako iko kwenye kipindi cha riba sifuri. Tarehe ya kipindi hicho kuisha iandike kwa wino mwekundu. Na kama mzazi wako ndiye mdhamini, heshima ya nyumbani nayo ina hesabu yake, sitakubishia.

Kwa upande mwingine, iko mikopo ya masomo ambayo marejesho yake hufuata kipato na salio husamehewa baada ya miaka kadhaa. Huo kuulipa mbiombio ni kulipa ambacho ungesamehewa.

Ukiona mwezi unakushinda, wapigie wenye kadi kabla hujachelewa, uombe riba ipunguzwe. Wakikataa hujapoteza kitu.

Hatua ya 7: Kadi ikiisha, hamisha fungu lote

Ile 10,000 usiirudishe kwenye matumizi. Iongeze yote juu ya rejesho la masomo, lakini mwandikie mkopeshaji kwamba ziada ipunguze deni la msingi, yaani kiasi chenyewe ulichokopa bila riba. Usiposema, huenda wakaihesabu kuwa rejesho la mwezi ujao ulilolipa mapema, na lengo lako likapotea. Taarifa inayofuata ikija, tazama kwanza mstari wa deni la msingi. Kama haujashuka kwa kiasi ulichoongeza, wapigie siku hiyohiyo.