Ufadhili wa chuo: usiombee kwa namba ya mwenye saiba

Wadogo zangu mliopangiwa chuo kikuu cha umma na KUCCPS, shirika la Kenya linalopanga wanafunzi vyuoni, tangu 2023 ufadhili wa serikali hauji wenyewe. Lazima uombe kwenye tovuti ya HEF, ya serikali ya kuombea fedha za elimu ya juu. Barua ya kuitwa chuo haitoshi. Ukiombea saiba (duka la intaneti) ya River Road, Nairobi, weka namba yako ya simu na barua pepe yako, si za mwenye saiba. Nimeona vijana wakifungiwa nje ya akaunti zao hivyo, na inauma. Mapato ya nyumbani yajaze kama yalivyo, kwani huchangia kuamua kundi lako, yaani kiwango cha ufadhili na mkopo utakachopewa. Ukipangwa vibaya, kata rufaa mapema na ushahidi mkononi, kama cheti cha kifo cha mzazi. Ufadhili haurudishwi. Mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, hurudishwa, na huombwa upya kila mwaka.