Simu yako kutoka Mtwara hadi Dar kwa ndege: la kufanya tangu nyumbani hadi unaposhuka

Nakata tiketi za ndege hapa Mtwara mjini, na kabla ya hapo nilifanya kazi ya uhudumu ndani ya ndege kwa miaka sita. Korosho zikishalipwa, ofisi yangu hujaa watu wanaopanda ndege mara ya kwanza: wa Masasi, Tandahimba, Nachingwea, na wa Lindi wanaokuja kupandia huku. Kinachowasumbua zaidi ni simu. Bibi mmoja wa Newala alikishika kitochi chake kwa mikono miwili akaniuliza, "Mwanangu, nikikizima kikagoma kuwaka, nitamwonaje anayekuja kunipokea?" Nilimwandikia namba kwenye karatasi, nikamweleza yote mpaka akatulia. Haya ndiyo niliyomweleza, na mengine niliyoyaongeza kwa ajili ya wenye simu janja.

Hatua ya 1: Ifunge saa ya simu kabla hujalala

Wanaokaa jirani na Ruvuma wanalijua hili vizuri. Umekaa barazani kwako Kilambo, mara unaingia ujumbe wa kukukaribisha Msumbiji, kwa sababu simu imenasa mnara wa ng'ambo. Wengi hucheka na kuufuta, wakisahau kwamba wenzetu wa ng'ambo wako nyuma yetu kwa saa moja. Simu iliyoachiwa kujipangia saa yenyewe hufuata mnara iliounasa, nayo inarudi nyuma saa nzima bila kukuambia kitu.

Nimemwona baba wa watu akifika uwanjani mwendo wa taratibu, begi begani, wakati kaunta imeshafungwa. Simu ilimwambia bado ana saa nzima. Alikuwa na miadi ya hospitali Dar kesho yake asubuhi, ikabidi usiku huohuo aanze kutafuta basi la kilomita mia tano na ushee. Sura yake sijaisahau.

Kwa hiyo ingia Mipangilio, tafuta Tarehe na saa, ondoa alama ya kujipanga kiotomatiki, kwa saa na kwa majira ya eneo, kisha weka mwenyewe saa ya Tanzania. Zima pia romingi, yaani ile ruhusa ya simu kutumia mtandao wa nchi nyingine. Na ukumbuke kwamba tiketi huandikwa kwa saa 24: ikiandikwa 07:30 ni saa moja na nusu asubuhi, ikiandikwa 13:40 ni saa saba na dakika arobaini mchana.

Mwenye kitochi azime pia kengele ya kuamshia akishaamka. Baadhi ya vitochi hulia kwa kengele hata vikiwa vimezimwa.

Hatua ya 2: Pigia hesabu pawabenki

Hapa nitakaa kidogo, maana hatari yenyewe iko hapa. Watu huogopa mawimbi ya simu, ilhali sisi wahudumu tunaogopa betri. Betri ya lithiamu ikipondwa, ikiwa mbovu au ikichajiwa na chaja isiyofaa, huanza kujipasha joto yenyewe. Joto linazaa joto, halafu moshi, halafu moto ambao ukidhani umezimika unaweza kuwaka tena. Ukitokea kwa abiria kitini, kuna macho ya kuuona, kuna maji, kuna vizimamoto na kuna watu waliofunzwa. Ukitokea chini kwenye chumba cha mizigo hakuna mtu. Ndiyo maana pawabenki na betri za akiba haziruhusiwi kabisa kwenye begi linalopimwa na kupelekwa chini. Tangu tarehe 1 Aprili 2016, ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, limezuia hata shehena za betri za lithiamu kusafirishwa kama mizigo kwenye ndege za abiria.

Sasa hesabu. Geuza pawabenki yako utafute namba yenye Wh, yaani wati-saa. Isipokuwepo, chukua namba ya mAh, zidisha kwa 3.7, gawa kwa 1,000. Ya 10,000 inatoa wati-saa 37. Ya 20,000 inatoa 74. Ya 30,000 inatoa 111.

Isiyozidi wati-saa 100 unapita nayo mkononi. Ikizidi 100 hadi kufika 160 lazima shirika la ndege likubali kwanza, na hazizidi mbili. Ikipita 160 haipandi.

Zile za bei chee zinazouzwa stendi, zilizoandikwa 50,000 kwa maandishi makubwa, mara nyingi haziwezi kubeba umeme huo hata nusu. Lakini mkaguzi anasoma kilichoandikwa, na 50,000 kwa hesabu yetu ni wati-saa 185. Utaiacha pale mezani. Iliyofutika maandishi nayo inaweza kukataliwa, kwa kuwa hakuna wa kuithibitishia. Iliyovimba usiifikirie hata kuibeba. Vinyozi, betri ya akiba ya mashine yako nayo ni ya mkononi, na sehemu zake za shaba zifunikwe kwa utepe zisigusane na sarafu au funguo.

Hatua ya 3: Aga watu na upakue unachotaka

Safari ya kwenda Dar ni kama saa moja angani, ukiongeza kusubiri kabla ya kuruka na kushuka baada ya kutua. Mwambie mjomba anayekupokea, mama uliyemwacha na watoto, na mtu yeyote mwenye wasiwasi, kwamba utakuwa hupatikani kwa saa mbili. Nimeona familia ikipiga simu uwanjani kwa hofu kwa sababu tu simu ya mtu wao "haipatikani kwa sasa".

Mziki, mawaidha, Kurani ya kusikiliza au mahubiri, vyote vipakuliwe nyumbani. Pakua pia ramani ya pwani ya kusini. Nitakwambia kwa nini.

Hatua ya 4: Simu mfukoni unapotembea uwanjani

Mtwara mara nyingi abiria hutembea kwa miguu kutoka jengoni hadi kwenye ngazi ya ndege. Pangaboi la ndege likizunguka kwa kasi, halionekani vizuri. Mtu anayeongea na simu hasikii anayemwelekeza, na anayejipiga picha anarudi nyuma bila kuangalia. Ongea ukiwa jengoni, umalize. Fuata mstari uliochorwa na mtu anayekuongoza. Sina la kuongeza hapa isipokuwa kuomba: tafadhali, subira ya dakika tatu tu.

Hatua ya 5: Wakikuomba begi chini ya ngazi, toa betri kwanza

Hili halisemwi sana na linawakuta wengi. Ndege ndogo za pangaboi zina makabati membamba juu ya viti. Begi ulilolibeba mkononi likionekana kubwa, litachukuliwa palepale mlangoni likawekwe chini. Pawabenki uliyoitunza vizuri mkononi sasa inaelekea chumba cha mizigo! Wewe ndiye unayejua kilichomo, kwa hiyo sema, "Naomba nitoe betri." Hakuna atakayekasirika. Mimi huwashauri abiria wangu waiweke kwenye kimfuko kidogo pamoja na dawa na kitambulisho, wakitoe kwa mkupuo mmoja.

Ukishakaa, kimfuko hicho kikae pale unapokiona, kisipande kabatini. Tarehe 28 Januari 2025 ndege ya Air Busan iliungua uwanjani Gimhae, Korea Kusini, kabla haijaruka. Moto ulianzia kwenye kabati la juu, na kinachodhaniwa zaidi kuwa chanzo ni pawabenki. Watu wote 176 walitoka.

Hatua ya 6: Washa hali ya ndegeni kabla ya milango kufungwa

Kwenye simu janja telezesha kidole kutoka juu ya kioo kushuka chini, gusa alama ya ndege. Hakikisha alama hiyo imebaki juu na mistari ya mtandao imetoweka. Mwenye kitochi asichojua menyu yake akizime tu, kitawaka akifika.

Kwa nini? Chukua redio, weka simu pembeni, subiri simu iingie. Umesikia ule mkwaruzo wa du-du-du kabla hata simu haijaita? Ndio huohuo unaoweza kuingia kwenye vifaa vya masikioni vya rubani, wakati anapokea namba za urefu na mwelekeo kutoka kwa mwongoza ndege. Tena simu ikiwa angani inahangaika: ndege inakata karibu kilomita kumi kila dakika, minara imeelekezwa ardhini, na simu inaongeza nguvu ya kurusha mawimbi ikitafuta pa kushika. Chaji nayo inaisha. Sitakutisha kwamba simu moja itaiangusha ndege. Mifumo ya ndege imekingwa. Lakini abiria 76 wakisema "yangu moja haina neno", tayari ni simu 76, na wakati zinapohangaika zaidi ni kuruka na kutua, ambapo rubani anahitaji kusikia kila neno.

Walioruka zamani watakwambia simu lazima izimwe kabisa. Ndivyo ilivyokuwa. Oktoba 2013 mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, iliruhusu vifaa vidogo kutumika safari nzima vikiwa katika hali ya ndegeni, na Ulaya ikafuata Desemba mwaka huohuo. Hata hivyo kila shirika lina utaratibu wake, na mhudumu akisema zima, zima. Kompyuta mpakato iwekwe chini ya kiti wakati wa kuruka na kutua, kwa kuwa ni nzito na ndege ikistuka ghafla inaweza kumpiga mtu.

Vifaa vya kusaidia kusikia usivivue, vinaruhusiwa. Spika za masikioni, hizo zivue mhudumu anapoonyesha milango ya dharura.

Hatua ya 7: Angani, furahia

Kamera inafanya kazi, mziki unafanya kazi. GPS nayo inafanya kazi, kwa sababu simu inapokea tu mawimbi ya setilaiti na yenyewe hairushi kitu. Kaa dirishani upande wa kushoto ukielekea Dar, isogeze simu karibu na kioo, fungua ramani uliyoipakua. Siku ya anga safi utajionea ghuba ya Lindi, visiwa vya Kilwa, kisha delta ya Rufiji ikiwa imetawanya vidole vyake baharini. Nimeipita njia hii mara nyingi mno na bado naomba kiti cha dirishani.

Hatua ya 8: Ikidondoka au ikichemka

Simu ikiteleza ikaingia katikati ya kiti, usikisogeze kiti, usikilaze wala kukiinua. Vyuma vya kiti vinaweza kuiponda betri. Bonyeza kitufe cha kumwita mhudumu, mwambie imeingia wapi, naye ataitafuta.

Ikipata joto lisilo la kawaida, ikivimba au ukisikia harufu kali kama ya dawa, chomoa chaja na umwite mhudumu palepale kwa sauti. Usiifiche kwa aibu, usiifunike kwa khanga wala koti, usiirudishe mfukoni. Sisi tumefunzwa kuipoza kwa maji mengi. Barafu haifai, inalihifadhi joto ndani ya betri. Abiria aliyewahi kuniita mapema kwa simu iliyochemka aliomba radhi kwa kunisumbua. Nilimshukuru mbele ya watu, na ningemshukuru tena leo.

Hatua ya 9: Ukishatua

Magurudumu kugusa lami si ruhusa. Ngoja tangazo la mhudumu, ndipo uondoe hali ya ndegeni. Simu huchukua dakika moja au mbili kushika mtandao. Isipokuja, zima na uwashe tena. Jumbe zitamiminika kwa pamoja, zisome ukiwa ndani ya jengo. Mwenye kitochi awe na namba ya mwenyeji kwenye karatasi kama yule bibi, chaji ikiisha ataazima simu ya jirani.

Na siku ya kurudi nyumbani, ile saa iache vilevile ulivyoifunga.