Kauli ya kutendwa katika Kiingereza: mwongozo kwa anayefikiri kwa Kiswahili

Mtoto wa Lamu ambaye bado hajaanza chuo husema "nimepigwa", "nimenyang'anywa", "nimeachwa", na hakosei. Kauli ya kutendwa tunayo ulimini tangu utotoni. Lakini mtoto huyo akifika sekondari, utamwona akiandika "The house built by my grandfather" na kuweka nukta, akiamini kwamba amekamilisha sentensi. Nafundisha Kiingereza hapa mjini, zaidi wanafunzi wa sekondari na vijana wanaoongoza watalii, na kosa hili nalikuta kwa wote, hata kwa wanaozungumza vizuri.

Chanzo chake nakijua. Kiswahili hupachika kutendwa ndani ya kitenzi chenyewe: jenga, jengwa, chonga, chongwa. Kiingereza hakina kiambishi kama hicho. Kinahitaji maneno mawili, na sisi tumezoea moja, kwa hiyo moja tunalisahau. Basi mwongozo huu unaanzia pale Kiswahili kinapotusaidia na kukawia zaidi pale kinapotupoteza.

Hatua ya 1: Mjue mtenda, tendo na mtendwa

Chukua sentensi ya kauli ya kutenda: "The carpenter carved the door." Mtenda ni "the carpenter", tendo ni "carved", na kilichotendwa ni "the door". Katika kutendwa, mlango unakuja mbele na seremala anarudi nyuma: "The door was carved by the carpenter."

Kama hakuna mtendwa, hakuna cha kugeuza. "Arrive", "happen", "die", "disappear" na "sleep" hazipokei shamirisho, kwa hiyo "The accident was happened" si Kiingereza. Sema "The accident happened." Angalia hapa kwamba Kiswahili kina uhuru zaidi: sisi husema kitanda kimelaliwa. Kiingereza nacho kinaweza, ila lazima kibakishe kile kihusishi kidogo mwishoni: "The bed was slept in." Ukikiacha, sentensi imeharibika.

Hatua ya 2: Weka "be", kisha umbo la tatu la kitenzi

Hapa ndipo penye kazi. Kitenzi "be" hubeba wakati, na kitenzi kikuu hukaa katika umbo la tatu, lile la mwisho katika "write, wrote, written" au "build, built, built". Umbo la tatu halibadiliki kamwe. Kinachobadilika ni "be" peke yake. Tazama jahazi moja likipita katika nyakati mbalimbali:

Jahazi hukarabatiwa kila mwaka: The dhow is repaired every year.
Jahazi linakarabatiwa sasa hivi: The dhow is being repaired.
Jahazi lilikarabatiwa mwaka jana: The dhow was repaired last year.
Jahazi lilikuwa likikarabatiwa: The dhow was being repaired.
Jahazi limekarabatiwa: The dhow has been repaired.
Jahazi lilikuwa limekarabatiwa: The dhow had been repaired.
Jahazi litakarabatiwa: The dhow will be repaired.
Jahazi lazima likarabatiwe: The dhow must be repaired.

Soma upande wa Kiingereza peke yake, kwa sauti, kutoka juu hadi chini. "Repaired" imesimama palepale. Wanafunzi wangu nawataka wairudie orodha hii kwa vitenzi vingine, hasa vyenye umbo la tatu la peke yake: "written", "stolen", "eaten", "taken", "given". Umbo la tatu halina njia ya mkato, ni la kuhifadhi.

Mambo mawili ya kuchunga katika orodha hiyo. La kwanza, "be" hufuata kiima kipya: "The door was carved", lakini "The doors were carved", hata kama seremala ni mmoja. La pili ni gumu zaidi. Sisi husema "Ngome ya Lamu imejengwa kati ya mwaka 1813 na 1821" na hakuna anayeshtuka. Ukiifuata ile "-me-" utaandika "has been built between 1813 and 1821", na hapo umekosea. Kiingereza kikishatajiwa mwaka ambao umeshapita, hutaka "was": "Lamu Fort was built between 1813 and 1821." Vijana wanaoongoza watalii hutaja miaka kila siku, kwa hiyo kosa hili huwaumbua kuliko mengine yote.

Maswali na ukanushi havina taabu. "Did they repair the dhow?" inakuwa "Was the dhow repaired?" na "They did not repair it" inakuwa "It was not repaired." Ile "did" inaondoka kabisa.

Hatua ya 3: "Na" na "kwa"

Mtenda katika Kiswahili huja na "na", katika Kiingereza huja na "by". Kifaa kwetu huja na "kwa", kwao "with". Mlango ulichongwa na fundi kwa patasi: "The door was carved by a craftsman with a chisel." Ukimtaja mtenda kwa kiwakilishi, tumia "him", "her", "them", "me", wala si "he" au "they".

Mara nyingi mtenda hahitajiki. "Lamu Old Town was inscribed on the World Heritage List in 2001" imetosha. Msikilizaji anayetaka kujua ni nani aliyeiorodhesha atauliza, nawe utamwambia UNESCO.

Hatua ya 4: Mahali Kiswahili kinapokupoteza

Kiswahili kina mnyambuliko mpana kuliko Kiingereza. Tuna kutendwa, kutendewa na kutendeka, na kila kimoja kina mlango wake. Ukizitafsiri zote kwa "was" tu, utasema usichokusudia.

Anza na kutendewa. "Nimeibiwa simu" watu huiandika "I was stolen my phone." Kwa masikio ya Mwingereza, wewe ndiye uliyebebwa na mwizi. Kilichoibwa ni simu, kwa hiyo simu ndiyo kiima: "My phone has been stolen." Vivyo hivyo "Nimefiwa na baba" haiwezi kuwa "I was died by my father." Husemwa "My father has died" au "I have lost my father", na anayeandika barua ya kuomba ruhusa kwa jambo zito kama hilo anastahili kulisema sawasawa. "Tulinyeshewa" ina njia yake: "We were rained on", au kwa wepesi "We got caught in the rain."

Lakini si kila kutendewa kunakataliwa. Vitenzi vyenye shamirisho mbili, kama "give", "send", "show", "teach" na "offer", vinamruhusu aliyetendewa kuwa kiima. Nahodha alipewa barua: "The captain was given a letter." Au barua itangulie: "A letter was given to the captain." Zote mbili sahihi, ila ya kwanza ndiyo inayosikika zaidi.

Kisha kuna ndoa. "Ameolewa na Ali" ukiiandika "She was married by Ali", msomaji anaweza kuelewa kwamba Ali ndiye aliyefungisha nikahi. Mume huja na "to": "She is married to Ali."

Sasa kutendeka. Kikombe kimevunjwa kina mtu nyuma yake; kikombe kimevunjika hakina. Kiingereza huonyesha tofauti hii kwa kuacha kitenzi katika kauli ya kutenda: "The cup has been broken by someone", lakini "The cup broke." Mlango umefunguliwa ni "The door has been opened", mlango umefunguka ni "The door has opened." Na kutendeka kwenye maana ya uwezekano, kama "njia hii inapitika" au "maji haya yananyweka", hudai "can be" au kivumishi: "This water can be drunk", "This road is passable."

Hatua ya 5: Chagua kwa sababu

Shuleni huambiwa geuza sentensi, basi hugeuza. Nje ya mtihani swali ni ipi inakufaa, na jibu hutegemea unazungumzia nini. Ukiwa Malindi ukisimulia habari za mji huo, sema "In 1415 envoys from Malindi presented a giraffe to the emperor of China", kwa kuwa wajumbe wa Malindi ndio mada yako. Ukieleza safari ya yule twiga, mwanzishe yeye: "The giraffe was presented to the emperor of China by envoys from Malindi." Ukiwa Gede, magofu ndiyo yanayotazamwa, kwa hiyo "The ruins were excavated by James Kirkman from 1948" hufuata macho ya mgeni vizuri kuliko kuanza na Kirkman, mwanaakiolojia ambaye hajawahi kumsikia.

Kutendwa kunafaa pia pale mtenda hajulikani, au anajulikana mno: "Fish is sold here every morning." Katika barua ya kuomba kazi, hata hivyo, ni bora kutenda. "I managed the reception" inakuweka wewe mbele, na "The reception was managed by me" inakuficha.

Na kuna kujificha kwingine ambako nakuchukia. "The money was misplaced." "The form was not sent." Ofisi nyingi huandika hivi ili asitajwe mtu. Unapoandika malalamiko yako, usiwasaidie. Kama unajua karani ndiye aliyekosa kuituma fomu, andika "The clerk did not send the form." Na ukiipokea barua ya namna hiyo, uliza: "By whom?"

Hatua ya 6: Jipime

Funika majibu, andika kwanza.

Mashua yetu inapakwa rangi.
Samaki wetu ameliwa na paka.
Kamba imekatika.
Ameibiwa pochi sokoni.
Barua hii lazima isainiwe na mzazi.
Jahazi hili lilijengwa Matondoni.

Majibu: "Our boat is being painted." "Our fish has been eaten by the cat." "The rope has snapped", kwa sababu hakuna aliyeikata. "His wallet was stolen in the market", au "her" akiwa mwanamke. "This letter must be signed by a parent." "This dhow was built at Matondoni." Ukikosa ya tatu au ya nne, rudi Hatua ya 4, ukikosa nyingine, tatizo liko kwenye "be", na lile jahazi la Hatua ya 2 lirudie kwa kitenzi "paint".