Jeshi likitaka meli za anga: jinsi ya kukagua hisa kabla ya kununua

Meli za anga za stratosfia ni maputo makubwa yenye injini, yanayokusudiwa kukaa kilomita 20 juu kwa wiki au miezi. Jeshi la Marekani linazitaka kwa sababu ya msingi: kutoka kimo hicho upeo wa macho uko kilomita 500 hivi, na kwa kawaida upepo ni mtulivu kuliko tabaka za chini yake. Tatizo la mwenye akiba ndogo ni kwamba hamu ya jeshi huweza kupandisha bei ya hisa leo, ilhali fedha za jeshi huchelewa, hukatwa, au huishia kwa kampuni kubwa.

Anza na hesabu ya heli, kwa maana haihitaji kumwamini mtu. Usawa wa bahari, mita moja ya ujazo ya heli hunyanyua karibu kilo 1. Kilomita 20 juu, hewa iliyobaki ni kama asilimia 7 tu, hivyo mita ileile hunyanyua gramu 75 hivi. Chombo cha tani 1, ukijumlisha kitambaa, betri, paneli za jua na mzigo, kinahitaji zaidi ya mita za ujazo 13,000. Kampuni ikikuonyesha puto la mita za ujazo 2,000 na kudai litabeba rada ya kilo 200 hadi stratosfia, acha hapohapo: puto hilo haliwezi kunyanyua hata kilo 160, lenyewe likiwemo. Uliza pia kuhusu usiku. Mwendo ukizidishwa mara mbili, nguvu inayotakiwa huongezeka mara nane, na betri za kuitoa hadi alfajiri ni nzito. Hata wakubwa hukwama: HALE-D, meli ya anga ya majaribio ya Lockheed Martin, iliruka Akron, Ohio, tarehe 27 Julai 2011 ikilenga futi 60,000, ikapata hitilafu kwenye futi 32,000 na kushushwa Pennsylvania.

Kisha tafuta mkataba wenyewe. Andika jina la kampuni kwenye USAspending.gov, tovuti ya matumizi ya serikali ya Marekani, usome kiasi kilichokwisha kutengwa kisheria. Kiwango cha juu cha mkataba ni kikomo tu, si malipo. Makubaliano ya utafiti wa pamoja yaitwayo CRADA hayaleti fedha kabisa: serikali huweza kutoa wataalamu na maabara, lakini haimlipi mshirika. Na mkataba halisi nao huvunjwa. LEMV, meli ya anga ya jeshi la nchi kavu, ambayo kazi yake ilipewa kampuni ya Northrop Grumman mwaka 2010 kwa kikomo cha dola milioni 517, iliruka mara moja Agosti 2012, ikafutwa mwaka uliofuata na kuuzwa kwa dola 301,000.

Hatua ya tatu ndiyo inayookoa fedha nyingi zaidi. Fungua EDGAR, hifadhi ya nyaraka za mamlaka ya masoko ya mitaji ya Marekani (SEC), usome ripoti ya fedha ya mwaka (10-K) na zile za kila robo mwaka (10-Q). Gawa fedha taslimu kwa matumizi ya robo moja. Jibu likiwa chini ya 2, kampuni itatafuta fedha kabla ya miezi sita kwisha, na mara nyingi itazipata kwa kutoa hisa mpya. Ukiwa na hisa 100,000 kati ya milioni 100, una asilimia 0.1. Zikifika milioni 400, umebaki na 0.025, hata kama meli imeruka salama. Tafuta madeni yanayogeuzwa kuwa hisa kwa bei ya punguzo: mkopeshaji huuza hisa hizo mara moja, na bei hushuka. Soma pia chanzo cha mapato. GlobeTel, iliyomiliki mradi wa meli za anga wa Sanswire, ilishtakiwa na SEC mwaka 2008 kwa kuandika mapato ya uongo ya dola milioni 119, tena katika biashara yake ya simu.

Kampuni kubwa kama Lockheed au Thales ya Ufaransa ni salama zaidi, ila usizinunue kwa ajili ya meli za anga. Mradi huo ni mdogo mno kusogeza bei ya hisa zao.

Ukiamua kununua hisa za senti, yaani za kampuni ndogo zenye bei ya chini sana, weka oda yenye kikomo cha bei. Muuzaji akitaka dola 0.050 na mnunuzi akitoa dola 0.040, umepoteza asilimia 20 dakika ileile uliyonunua.