Kabla UE haijakukuta na stresi, weka haya sawa mapema

Wengi chuoni tunadhani stresi ya UE (mitihani ya mwisho wa muhula) inaletwa na kitabu, sio kweli bana. Mimi mwaka wa kwanza zimebaki siku tatu pepa zianze ndo naingia kwenye akaunti kuangalia CA (maksi za testi na kazi za muhula), nakuta kozi moja testi ya pili nimepewa sifuri, testi ambayo nilifanya kabisa, nilikaa karibu na mlango, feni juu inapiga kelele mpaka leo naisikia. Kumbe ile karatasi ya kusaini mahudhurio ilinipita. Basi siku zote tatu nikashinda kwenye benchi nje ya ofisi ya lekchara, desa (notsi) mkononi ila hakuna kinachoingia kichwani. Maksi zilirudi. Sapu (mtihani wa kurudia) nikaja kuipata kwenye kozi nyingine ambayo wala haikuhusika, kwa sababu muda wa kuisoma niliumalizia pale kwenye benchi.

Kwa hiyo CA ndo ya kwanza, iangalie hata mwezi mzima kabla, na yenye shida ipeleke kwa lekchara ukiwa na karatasi yako ya testi (usizitupe zile karatasi jamani). Vyuo vingi UE inabeba 60 na kozi weki, yaani hiyo CA, 40, kwa hiyo piga hesabu uione kwa macho, una 26 za CA na unataka jumla ya 60, UE inakudai 34 tu. Hofu nyingi inaisha hapo hapo kwenye kikaratasi. Ila muulize na CR (kiongozi wa darasa), kuna vyuo wanataka UE yenyewe nayo ifike kiwango fulani hata kama CA yako imejaa.

Ada na kitambulisho sina maneno mengi, lipia mapema maana hela ikishalipwa kuonekana kwenye mfumo ni habari nyingine.

Sasa bumu, hela ya mkopo wa serikali. Hapa ndo wengi tunaumia. Hela ya kula na kulala ni 10,000 kwa siku lakini inakuja kwa mkupuo wa kama siku 60, mtu akiona laki sita kwa pamoja anajiona bosi, wiki ya kwanza chipsi kuku na viatu, halafu UE inamkuta anaomba chumvi chumba cha pili. Nilichojifunza, siku ileile inapoingia nanunua mchele, maharage, unga na sukari ya wiki za mitihani naviweka chini ya kitanda, na hela kidogo nampa mtu ambaye namuogopa anitunzie, mimi nilikuwa nampa mama mdogo. Na kama umekopa kausha damu (wale wa mikopo ya riba kubwa) wamalize kabla, hakuna msuli wa kusoma unaopigika huku simu inaita kila nusu saa unadaiwa.

Usingizi nao unaandaliwa, hauji tu. Hosteli yenyewe tunabebana, chumba cha wanne mnalala saba, taa haizimwi, kwa hiyo tafuta mapema utasomea wapi (vimbweta, yale mabenchi na meza za nje, saa kumi na moja alfajiri viko wazi) na uanze kulala kwa saa zako kama wiki mbili kabla. Ile ya kukesha na enaji drinki mimi siipendi kabisa. Kafeini nusu yake inakaa mwilini kama saa tano hivi, ukinywa saa nne usiku, saa tisa usiku bado unayo nusu, na pepa ni saa mbili asubuhi. Ulichosoma ubongo unakipanga ukiwa umelala, sasa wewe hujalala, umekipanga saa ngapi?

Nyumbani wape tarehe za mitihani. Wengine wadogo zetu wanatutegemea sisi sisi na hili bumu, ukisema mapema "mama, mpaka tarehe fulani sina" inauma kidogo ila inaisha, kuliko upigiwe usiku wa kuamkia pepa.

Moyo kwenda mbio na tumbo kukoroga mlangoni ni kawaida, vuta pumzi taratibu halafu itoe kwa muda mrefu kuliko ulivyovuta, mara tano sita, ila ijaribu kabla usianzie ukumbini. Lakini kama wiki mbili hulali, chakula hakishuki, au unawaza kujidhuru, hilo usilisubirishe mpaka UE iishe, mwambie mtu leo, nenda kwa mshauri nasaha wa chuo au hospitali. Na kuahirisha mtihani kwa ugonjwa kunaombwa kabla ya kuingia, na karatasi ya daktari mkononi, ukishafeli ndo ulete cheti mara nyingi hawakuelewi.

Halafu ratiba, iangalie tena jioni ya mwisho maana inatoka toleo la kwanza, la pili, la tatu. Kuna mshikaji wangu mmoja alikuja peni mbili, kitambulisho shingoni, kashiba chai na chapati, ukumbi mtupu. Pepa ilifanyika jana.