Kukisoma kiti cha enzi: anzia chini

Wengi wakionyeshwa kiti cha enzi, kile kiti cha mpingo cha Waswahili wa pwani, hukimbilia njumu nyeupe za egemeo, yaani vipande vya mfupa au pembe ya ndovu vilivyopachikwa kwenye mbao, wakapiga picha, basi. Kazi yangu ni kuvikaza viti hivi vikilegea, na kwa niliyoyaona, uso wa kiti ndio rahisi kuliko vyote kughushi. Kwa hiyo tutaanzia chini. Tafuta tochi, kioo cha kukuzia, kitambaa kikavu na mkeka wa kukilazia. Na kama kiti ni cha watu, omba ruhusa kwanza. Lamu, Pate na Siyu, pwani ya Kenya, kiti hiki kilikuwa cha kumkalisha mgeni wa heshima. Wenyewe hawapendi kukiona miguu juu bila hata salamu.

1. Kinyanyue

Shika fremu ya kikalio, usishike mikono yake. Mpingo ni mzito kiasi kwamba ukiutupa majini unazama. Kiti cheusi tii kinachonyanyuka kama kapu kitilie shaka: huenda ni mbao laini iliyosuguliwa rangi ya viatu. Angalia nyayo za miguu, pale panapokwaruza sakafu, maana rangi huisha hapo kwanza. Lakini usihukumu kwa kuona mchirizi wa manjano ukingoni. Mpingo una nyama ya nje iliyo nyeupe-manjano, na fundi aliyebana matumizi aliiacha kidogo.

Hapo hapo jiulize kwa nini kiti kizima ni vipande vyembamba vilivyonyooka, na katikati kamba. Mpingo hukua polepole, shina lake jembamba, mara limepinda, mara lina uwazi ndani. Ubao mpana huupati. Mimi naamini umbo lile la pembe mraba lilitokana na uchoyo wa mti, na fundi akaugeuza kuwa urembo.

2. Kilaze, usome viungo

Hapa kaa sana. Utakuta ulimi umeingia kwenye tundu, na kijiti cha mbao kimepita katikati kuufunga. Pitisha kidole juu ya kijiti. Mbao ikikauka kwa miaka mingi husinyaa zaidi upande mmoja kuliko mwingine, kwa hiyo kijiti kilichokuwa duara kimekuwa na umbo la yai, na mara nyingi kichwa kimechomoza kidogo. Kijiti cha duara kamili, kilicholala sawa na fremu, ni cha juzi. Skurubu isikutishe, huenda kiti ni cha kale na aliyekikarabati baadaye alikuwa na haraka.

Sasa mulika tochi kwa ubavu, mwanga ulambe mbao. Karibu na viungo utaona mistari myembamba kama ya sindano. Hiyo ndiyo vipimo vya fundi, alivyochora kabla ya kushika patasi. Nilipokuwa kijana niliipiga msasa yote kwenye kiti cha bibi mmoja, nikidhani nakisafisha. Alipokiona akaniuliza, "Mwanangu, umeniogeshea kiti au umenichunia?" Sikuwa na jibu, na mistari haikurudi.

3. Njumu

Kwa kioo cha kukuzia, mfupa una vitundu na vichirizi vidogo vyeusi. Pembe ya ndovu haina vitundu; ukitazama pale ilipokatwa kwa kukingama, ina mistari hafifu inayopishana kama wavu. Plastiki haina hiki wala kile. Ule mtindo wa kuchoma kwa sindano ya moto uache kabisa, unaacha kovu. Ukikuta pembe, kumbuka biashara yake ya kimataifa ilipigwa marufuku mwaka 1989, na tangu 2017 mpingo nao umo kwenye orodha za CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Kabla ya kuvusha kiti mpaka, waone wahusika wa wanyamapori na misitu.

4. Kamba

Asili yake ni uzi wa pamba uliosokotwa. Ukikuta henzerani, huenda kuna aliyefuma upya baadaye. Uzi huchakaa, hivyo kamba mpya si kosa. Siri iko kwenye matundu ya fremu: uzi ukivutwa miaka na miaka hula hata mpingo, na kingo za tundu hulainika. Kamba kuukuu kwenye matundu makali ni kamba iliyochovywa chai.

5. Kikanyagio

Kiangalie tu pameliwa wapi. Visigino hukanyaga mahali pawili. Mghushi hukwaruza kote.

Ukiweza, pitia Makumbusho ya Lamu uone viti vya kweli kabla hujanunua. Baada ya yote kigeuze, kifute vumbi kwa kitambaa kikavu, bila mafuta, urudi nyuma hatua tatu. Ndipo utazame egemeo. Linganisha njumu za kulia na za kushoto: kwa mbali ni sawasawa, ukikaribia utaona hazilingani.